Mzaramo na Klarineti Yangu

Jumatatu, 6 Juni 1955

Baridi kali asubuhi. Upepo wa kiangazi unachuna midomo. Nimepaka klarineti mafuta kwa ndani, kwa unyoya wa kuku kama kawaida, nikabadilisha ganda la chungwa kisandukuni, nikaenda darasani. Wanafunzi wakanilia masikioni mpaka saa sita. Kuna mmoja anauma tete ya kupulizia kama anauma muwa. Nimemkanya. Kesho atauma tena.

Marta, mke wangu, ananicheka kwa maganda yangu ya machungwa. Hajui. Klarineti ni mti, ni mpingo, na mpingo ukikauka unapasuka. Ganda linautunzia unyevu. Ile niliyotoka nayo jeshini ilipasuka hapahapa Tabora, kiangazi changu cha kwanza. Nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo sina mchezo.

Mchana Bwana Mkuu, mzungu anayeendesha chuo chetu cha ualimu, kaniita ofisini. Habari kubwa. Katikati ya Julai anakuja Profesa kutoka Uingereza. Kazi yake ni kufundisha klarineti chuo kikuu. Klarineti tu! Mchana anafundisha, jioni anapiga kwenye kumbi za watu wenye tai, likizo anapanda meli kwenda kupiga na kufundisha nchi nyingine. Huku anakuja kufanya onyesho, na kutafuta mwalimu mmoja Mwafrika wa kwenda naye. Asome, kisha abaki kulekule awe msaidizi wake. Mwalimu wa klarineti wa chuo kikuu.

Nakitaka cheo hicho. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Na nani mwingine yupo? Kutoka hapa mpaka Kigoma mwalimu wa klarineti ni mimi, Elia Mihayo, basi.

Alhamisi, 9 Juni

Nilisema mapema mno. Garimoshi la Dar es Salaam limeleta mwalimu wa pili. Wa klarineti! Bwana Mkuu anasema Idara ya Elimu imemleta hapa ili Profesa awasikie wawili badala ya mmoja. Anaitwa Pazi. Mzaramo wa Kisarawe. Mrefu, tumbo limeanza, kofia upande. Mchana anafundisha shule, jioni alikuwa akipiga kwenye bendi za dansi huko Dar.

Kuingia tu ofisi ya walimu, kasikia mimi ni Mnyamwezi. Katupa mikono juu. “Mpagazi wangu! Mzigo wangu uko stesheni, mbona umekaa?” Watu wote wakacheka. Akanikumbatia mbele yao. Ananuka udi na sigara.

Utani. Wazaramo na sisi, tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo mabegani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kitu, huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Mimi sijaupenda tangu utoto. Upuuzi wa watu wazima.

Nimeona alipofungua kisanduku chake. Klarineti nzuri, nyeusi tititi. Imekaa pwani maisha yake yote. Haina ganda la chungwa wala mafuta. Kwa upepo huu!

Ilinipasa kumwambia. Sikumwambia.

Jumapili, 12 Juni

Mayu, mama yangu, kaja kutoka Kigwa na garimoshi, amebeba matobolwa ya viazi vitamu na kibuyu cha asali. Anakohoa. Nimesema nitampeleka hospitali. Anasema ni vumbi tu. Kila kitu kwake vumbi tu.

Tulipotoka kanisani tukamkuta Pazi barazani kwangu hapa Cheyo, amekalia kiti changu. Mwislamu huyu, Jumapili yangu anaitakia nini? Kumwona mama yangu, akaanza. Ati hiki kibibi kimetoka wapi, mbona hakijafa, kinasubiri nini, sanda imeshapanda bei. Nikataka kumtoa kwa shingo. Mayu akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akacheka ndani ya kikohozi. Kisha akamjibu ya kwake: mvivu wa minazi wewe, unalala chini ya mti ukisubiri nazi ikudondokee mdomoni. Wakashindana hivyo mpaka chakula kikapoa.

Akala matobolwa yangu yote. Mayu anasema hajacheka hivyo tangu baba afe. Alikuwa ananitazama aliposema.

Jumatano, 15 Juni

Kaninyang'anya wanafunzi. Bwana Mkuu kagawa darasa nusu kwa nusu, na wale wa Pazi wanatoka kwake wanapiga miluzi, wanacheka. Wangu wanatoka wameinamisha vichwa. Leo wawili wamekuja kuomba kuhamia kwake. Mbele ya uso wangu!

Saa nne, chai, walimu wote wamo. Nikasimama. Nikasema nilichokuwa nacho rohoni. Kwamba Pazi ni mwizi wa wanafunzi. Kwamba hajui kufundisha, anajua kupuliza, na huko kupuliza kwenyewe ni kwa ajili ya walevi. Kwamba arudi kwao akapande minazi. Kwamba sitaki kumwona hapa, simtaki, simtaki kabisa. Chai ikamwagika kwenye suruali.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Pazi alicheka mpaka akalia machozi, akanipiga bega. “Huyo! Nilidhani Tabora wamenipa mtani bubu!”

Kila neno nililimaanisha. Hakuna hata mmoja aliyelisikia.

Jumatatu, 20 Juni

Kuku wangu mwekundu hayupo. Nimemkuta. Yuko kwenye chungu cha Pazi. Kanikaribisha mezani nile kuku wangu mwenyewe, na Marta alikuwa ameshaketi, anakula paja. Nikamuuliza mke wangu ana akili gani. “Ah, baba, si mtani wako?” Nilirudi nyumbani na njaa yangu.

Jumanne, 21 Juni

Nimekwenda kushtaki kwa Bwana Mkuu. Nimemweleza kuhusu kuku, matusi, kiti changu. Nikasema mtu huyu anavuruga chuo.

Akafurahi! Akachomoa kitabu kwenye kabati, ati wataalamu wameandika juu ya mila hii, ati ni jambo la thamani sana, linaleta amani kati ya makabila. Akaniuliza kama ningependa kumweleza zaidi siku moja jioni. Nikasema ndiyo, bwana. Nikatoka.

Nimekwisha. Ningeweza kumchoma mtu huyu kisu sokoni, wangepiga makofi.

Jumapili, 26 Juni

Jana usiku nilikwenda klabu ya dansi anakopiga Pazi. Marta alinibembeleza, nikasema naenda kumtazama adui. Klabu imejaa makarani, watu wa reli, wanawake wamevaa viatu vya visigino. Pazi juu ya jukwaa na vijana wa gitaa.

Naandika kwa haki. Sauti zake za juu zinashuka kidogo, tete yake laini mno. Wanafunzi wangu wakifanya vile nawarudisha. Lakini za chini! Lo. Alianza taratibu, peke yake, na watu wakaacha kuongea. Mwanamke mmoja mbele yangu aliacha chupa mkononi, hakunywa. Alikuwa kama anamwambia mtu jambo.

Mimi mara ya mwisho nilisimama mbele ya watu nikapiga peke yangu nilikuwa bado na sare ya jeshi. Tangu hapo nafundisha. Nasahihisha. Kila noti yangu ni safi, na hakuna anayeisikia ila ukuta wa darasa na watoto wanaotaka kwenda kula.

Namchukia zaidi kuliko jana.

Alhamisi, 30 Juni

Bwana Mkuu kasoma mbele yetu barua ya Profesa. Atafika Alhamisi, tarehe kumi na nne. Ijumaa asubuhi atatusikiliza. Jumamosi onyesho lake. Jumatatu anaondoka. Anataka mtu anayefundisha na anayepiga pia, kwa kuwa kwenye chuo chake mwalimu asiyepanda jukwaani hawamkubali.

Pazi alinitazama akakonyeza.

Nimeshindwa kula. Nimefanya mazoezi mpaka mdomo umevimba. Marta kachoka, kahamia kwa jirani na ufumaji wake.

Jumatatu, 4 Julai

Nimeipata njia. Ni yake mwenyewe.

Mtani anaweza kuchukua chochote cha mtani wake akakishika mpaka kikombolewe. Leo saa ya chai nimekwenda kwenye meza ya Pazi, nimebeba kisanduku chake mbele ya kila mtu, nikasema nakikamata, akikomboe. Mara yangu ya kwanza kufanya utani maishani. Walimu walishangilia, ati Elia kaamka! Pazi alipiga magoti, akajifanya analia, akaniomba kwa jina la mama yangu. Furaha tupu usoni mwake.

Nimeileta nyumbani. Nimeifungua, nimeunganisha vipande vyake vyote. Nimeiweka dirishani, upande wa upepo.

Jumatano, 6 Julai

Ipo dirishani. Asubuhi inapigwa na baridi, adhuhuri jua linaingia moja kwa moja. Sijaivunja. Sijaigusa hata kwa kidole. Nimeiweka tu mahali.

Marta kaniuliza mbona ile haiwekewi ganda la chungwa kama yangu. Nimemwambia ashughulike na jiko.

Alhamisi, 7 Julai

Mchana, nikiwa nasahihisha madaftari, nikasikia. Tak. Sauti ndogo, kama kijiti kikikanyagwa. Sikunyanyuka mara moja.

Ufa umeanzia tundu la juu ukashuka urefu wa kidole. Nywele inaingia. Nimeutazama muda mrefu. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kidogo, kisha kiu ikanishika, nikanywa maji vikombe viwili.

Ijumaa, 8 Julai

Kaleta fidia. Nazi moja, aliyotumiwa kutoka Kisarawe, na kuku mwekundu mnene kuliko wangu. Alipiga vigelegele mwenyewe mlangoni. Nimempa kisanduku kimefungwa. Akakibusu. Akaondoka akiimba.

Marta kafurahi kwa kuku. Mimi sikumla.

Jumatatu, 11 Julai

Ameiona. Aliifungua ofisini leo, mbele yetu, afanye mazoezi ya juma la mwisho. Alipuliza. Ikatoa mvumo wa hewa tu. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha ukucha kwenye ufa, polepole, juu mpaka chini.

Mwalimu wa hesabu akacheka, akasema mtani kakumaliza. Wengine wakacheka pia. Pazi naye akacheka. Kicheko kilichelewa kidogo. Mimi peke yangu nilikiona kilivyochelewa.

Hakunishtaki. Atanishtaki wapi? Mtani hashtakiwi. Baadaye nilipita darasani kwake nikamwona ameketi na kipande cha nta ya nyuki, anaipasha kwa pumzi na kuisokomeza kwenye ufa kwa dole gumba. Hakuniona. Alikuwa hana kofia. Kumbe ana upara.

Sijutii. Nimeandika hivyo na naacha hivyo.

Alhamisi, 14 Julai. Kigwa

Mayu amefariki.

Tarishi wa reli kanifuata darasani asubuhi. Stesheni masta wa Kigwa kapiga simu ya maandishi. Niliendelea kusema “pumua kwa tumbo” kwa mwanafunzi aliyekuwa mbele yangu, nikasema mara mbili, kisha nikakaa.

Tumekuja na lori. Mimi na Marta juu ya magunia. Klarineti magotini kwangu. Siiachi nyumbani, naogopa Pazi asije akalipiza. Na Mayu alishasema, siku yangu hiyo unipigie, usiniletee watu wa kunililia kwa mdomo tu.

Shangazi Kalunde, dada wa baba, ndiye aliyekuwa naye. Anasema kikohozi kilimshika alfajiri, akasema ni vumbi, akaomba maji.

Jioni garimoshi la kutoka pwani lilisimama Kigwa. Nilikuwa stesheni kupokea ndugu wa Itigi. Dirisha la daraja la kwanza, mzungu mwembamba mwenye miwani, anasoma. Kwenye kiti mbele yake kisanduku kirefu cheusi. Ndiye Profesa, sikuhitaji kuuliza. Garimoshi likaondoka kwenda Tabora na yeye.

Kesho asubuhi atasikiliza. Mimi ni mtoto wa kwanza, wa kiume peke yangu. Nazika, kisha nakaa matanga. Kwa hiyo imekwisha. Mzaramo atapiga peke yake, na nta yake, na ataambiwa ni mzuri kwa kuwa hakuna mwingine.

Namchukia na huku nafunga kitambaa cheusi mkononi.

Ijumaa, 15 Julai. Kigwa

Naandika yote leo nisije nikayapotosha kesho.

Saa tatu, wakati ule ule Profesa aliopanga kutusikiliza Tabora, lori la karanga likasimama njiani. Akashuka Pazi. Amejifunga kanga mbili, moja kiunoni, moja kichwani, vile vile Mayu alivyokuwa akijifunga. Na kisanduku kwapani.

Akaja amepinda mgongo. Akakohoa kikohozi chake. Kile kile! Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza, wakainua vichwa. Akasimama mbele yangu, akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti ya mama yangu: “Elia, mbona umekonda, huyo mke anakulisha vitabu?” Shangazi Kalunde akaanguka chini kwa kicheko, machozi yanamtiririka. Watu wote wa Kigwa pia. Mchungaji alinyanyuka kukemea, ati hapa ni msibani kwa Wakristo. Shangazi akamwambia akae, mtani yuko kazini.

Na kazi aliifanya. Alivua kanga akachimba kaburi pamoja na vijana, udongo wa Kigwa wa kiangazi ni mwamba. Lilipokamilika akalala ndani yake. Ati anajaribu kama litamtosha Mayu, mtumwa wake huyo alikuwa na miguu mirefu. Akakataa kutoka. Mazishi yakasimama. Wazee wakambembeleza, wakampa jogoo, akasema jogoo amekonda kama Elia. Nikasogea ukingoni nimwambie atoke. Nikamwona amelala mle chini kifua wazi, jasho na udongo, amefumba macho, mikono kifuani, anakoroma.

Nikacheka. Mimi. Juu ya kaburi la mama yangu. Kicheko kikanitoka tumboni, sikuweza kukizuia, na kilio kikatoka nacho hapo hapo. Tangu jana nilikuwa sijalia.

Tulipomaliza kufukia nilipiga. Wimbo wa kanisani aliopenda kuuimba akitwanga. Sikuhesabu wala sikufikiria vidole. Kelele za watu zilikwisha, hata watoto. Sijapata kupiga hivyo, na naandika hivi si kwa kujisifu, ni kwa sababu ni kweli na Profesa hakuwepo. Pazi alikuwa amesimama na jembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

Kisha saa ya watani kuchukua chao. Mila yetu, mtani aliyefanya kazi ya msiba anachukua kitu kimoja cha nyumba, na haulizwi. Shangazi alishatenga mtungi wa Mayu na kanga yake mpya. Pazi akavipita. Akaja kwangu, akaichukua klarineti mikononi mwangu. Akaipangusa, akatenganisha vipande vyake taratibu, akaviweka kisandukuni kwangu, akafunga.

Watu walicheka. Shangazi akasema ikomboe kwa mbuzi. Nikasema mbuzi. Akatikisa kichwa. Nikasema mbuzi na kanga na jogoo. Akatikisa kichwa. Wakacheka zaidi, ati Mzaramo kashika! Nikataka kumrukia. Kila jicho la ukoo wangu lilikuwa juu yangu, kuona kama mtoto wa marehemu atakasirikia mtani. Niliyafanya haya haya mimi, mbele ya walimu, kwa mikono yangu.

Akanisogelea, mdomo sikioni. Hakuwa na ule utani wake. Alisema polepole, kama mtu anayesoma saa:

“Hii yako haina ufa.”

Akatabasamu kwa watu, akaenda kunawa mikono.

Jumamosi, 16 Julai. Kigwa

Kaondoka alfajiri na lori lile lile. Ameacha kisanduku chake pembeni ya mlango, changu kaenda nacho. Sijakifungua.

Nageuza jambo moja kichwani siku nzima. Angeweza kubaki Tabora. Klarineti yenye nta inatoa sauti za chini, na za chini ndizo zake. Angepiga jana saa tatu akachaguliwa. Alikuja kuchimba udongo huku akijua nimemfanya nini. Au alikuja kwa sababu alijua klarineti yangu ningeibeba.

Nimemuuliza Shangazi, bila kumweleza. Kwa nini mtani alikuja? Kanitazama kama mwehu. “Mtani asipokuja, nani atakuja?”

Hilo si jibu. Au ndilo, na mimi silitaki.

Jumatatu, 18 Julai. Kigwa

Garimoshi la kushuka pwani limepita saa tano. Sikwenda stesheni. Nilikuwa nimeketi na wazee wa matanga.

Marta alikwenda na wanawake kuuza karanga. Wakarudi mbio wanacheka. Mtani alikuwa ndani! Katoa kichwa dirishani, kawatukana wote kwa majina, kuanzia Shangazi. Kasema Jumamosi jioni, kabla ya onyesho, alimwomba Profesa amsikilize Jumapili, na Profesa akakubali, akamfanya apige mara tatu, akamchagua. Anakwenda kwao kuaga. Meli mwezi wa tisa. Kasema Elia ndiye aliyemvusha, mpagazi wa kweli.

Marta alifurahi wakati akinieleza. Halafu akaniona uso. Akaacha.

Atasimama kwenye chumba cha chuo kikuu na klarineti yangu. Mafuta yangu yamo ndani yake, ya miaka yote hii. Watampa kiti na mlango wenye jina. Watu watamwita mwalimu.

Namchukia. Mama yangu kalala vizuri, kaburi lake halijatitia hata upande mmoja. Yote mawili kweli.

Jumapili, 24 Julai. Cheyo

Nyumbani. Nimefungua kisanduku leo baada ya kanisa.

Nta ameibana vizuri, kaifuta pembeni isionekane. Chini ya vipande kuna ganda la chungwa. Limeshakauka, lakini la juzi juzi.

Nimelitoa. Nimepaka mafuta ndani, kwa unyoya. Nimepuliza. Za juu zinavuja. Za chini zinatoka, nzito, zina hewa kidogo ndani yake. Marta alikuja mlangoni na kisu na kitunguu mkononi, akasimama pale.

Nikapiga za chini tu. Nilipomaliza alirudi jikoni.

Bwana Mkuu anasema darasa lote litarudi kwangu. Wanafunzi wa Pazi watanuna. Kesho saa mbili. Marta anakwenda sokoni, nimemwambia alete machungwa.